Msikiti wa Kizimkazi

Ndugu Waislamu wa Arua na Koboko, tulipofika Unguja tulizuru Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa. Kwa nje ni msikiti mdogo wenye paa la mabati. Mgeni aweza kuupita asijue umri wake. Lakini ndani, penye mihrabu, mna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, mazuri ajabu, yakitaja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladi. Jengo lilijengwa upya karne ya 18, maandishi yakahifadhiwa, na hadi leo watu husali humo. Nikaikumbuka misikiti yetu ya kwanza, ya udongo na nyasi. Askari Waislamu wa Emin Pasha walikaa Wadelai miaka ya 1880. Waliposujudu, sijaonyeshwa hata jiwe moja lenye tarehe.