Picha ya Kabaka Mutesa: nani aliipiga, na mwaka gani?

Kabaka Mutesa wa kwanza, mfalme wa Buganda, yuko katikati. Wakubwa wake wamemzunguka. Picha hiyo ilijulikana kupitia kitabu cha Henry Morton Stanley, Through the Dark Continent, kilichotoka mwaka wa 1878. Kwa hiyo ni rahisi mtu kuandika chini yake: 1878. Atakuwa amekosea.

Kwanza, ile ya kitabuni si picha yenyewe. Wakati ule vitabu vya kawaida havikuweza kuchapa picha ya kamera pamoja na maandishi. Fundi alichukua picha, akaichonga kwenye ubao, na ule ubao ndio uliotiwa wino. Lakini maandishi ya chini yanasaidia: yanasema mchoro umetokana na picha aliyoipiga Stanley mwenyewe. Hapo mpigaji amejulikana.

Mwaka unatafutwa kwa safari zake. Stanley alifika kwa Mutesa mara mbili tu, na zote ni mwaka wa 1875. Mara ya kwanza alikuja mwezi wa nne kwa mashua yake Lady Alice, na watu wachache. Msafara mkubwa aliuacha Kagehyi, kusini ya ziwa Viktoria. Mara ya pili alirudi mwezi wa nane, akamkuta mfalme akijitayarisha kupigana na watu wa kisiwa cha Buvuma. Baada ya pale hakumwona Mutesa tena, na Mutesa alikufa mwaka wa 1884. Speke naye alipita Buganda mwaka wa 1862, lakini yeye alileta michoro ya mkono.

Wazungumzaji wa Kiswahili watapenda kujua kwamba Stanley na Mutesa waliweza kuongea bila kupita Kiingereza: Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia katika nyumba ya mfalme pamoja na wafanya biashara wa pwani.

Shida kubwa iko kwenye majina. Maandishi yanamtaja Sekebobo, mkuu wa Chagwe, na Pokino, anayeitwa waziri mkuu. Lakini Sekibobo si jina la mtu. Ni cheo cha anayetawala Kyaggwe, akifa au akifukuzwa mwingine anakirithi. Pokino vilevile ni cheo cha mtawala wa Buddu, na waziri mkuu wa Buganda huitwa Katikkiro. Baadhi ya waliobaki wameandikwa tu kwamba ni wakubwa wengine, basi. Mjukuu anayetafuta sura ya babu yake pale atakuta kiti, hatakuta aliyekikalia. Familia iliyokimbia vita ikabaki na picha moja isiyoandikwa kitu nyuma inaelewa jambo hili bila kufundishwa.

Kutoka Buganda, Stanley aliendelea upande wetu. Mwezi wa kumi 1876 alikuwa Nyangwe, katika Maniema, na mwezi wa nane 1877 akatokea Boma, karibu na bahari. Miaka michache baadaye alirudi kumfanyia kazi Leopold wa pili. Karatasi zake, barua na daftari za safari hiyo, hazitafutwi Kampala wala Kinshasa. Ziko Tervuren, Ubelgiji, katika jumba la makumbusho ya Afrika ya Kati.