Wakfu hupimwa kwa kipimo gani?

Wakfu ni mali ambayo mwenyewe huizuia isiuzwe, isirithiwe wala kutolewa zawadi, ili mapato au matumizi yake yawafae wale aliowakusudia: maskini, wanafunzi, wasafiri, waumini wa msikiti. Asili hubaki, mazao hugawiwa. Mfano unaotajwa zaidi ni ardhi ya Khaibar, iliyowekwa wakfu na Umar bin al-Khattab kwa ushauri wa Mtume Muhammad.

Kueleza wakfu umeingiza fedha kiasi gani ni jambo jepesi. Lililo zito ni kueleza umebadilisha nini katika maisha ya watu, na swali hilo huwagusa pia Waafrika Mashariki waishio Ulaya, wanaochangia visima na madrasa za nyumbani pasipo kuviona.

Nchini Sweden, asasi ya Svensk Insamlingskontroll hutoa akaunti maalumu, zinazoanza na tarakimu 90, kwa jumuiya zinazochangisha fedha kwa umma. Tawi la Islamic Relief nchini humo ni miongoni mwa walio nazo. Sharti kuu ni kwamba angalau asilimia 75 ya mapato ifikie lengo lililotangazwa. Kanuni hiyo humkinga mchangiaji na ubadhirifu, lakini haisemi iwapo kisima kilichochimbwa kingali kinatoa maji miaka mitano baadaye. Tena, ikitumiwa kwa wakfu bila uangalifu, yaweza kupotosha: fedha za kuezeka upya nyumba ya wakfu si gharama za ofisi, bali ndizo zinazoilinda asili.

Stockholm yenyewe ina asasi inayofanana na wakfu kuliko wengi wanavyodhani. Alfred Nobel, katika wosia wake wa mwaka 1895, aliacha mali ya zaidi ya kronor milioni 31, iwekezwe katika dhamana salama na mapato yake yatolewe tuzo. Tuzo za kwanza zilitolewa mwaka 1901. Dhamana hizo "salama" hazikuhimili kupanda kwa bei, na mwaka 1953 serikali iliiruhusu asasi hiyo kununua hisa. Mwaka 2012 kila tuzo ilipunguzwa kutoka kronor milioni 10 hadi 8 ili mtaji usiliwe. Mwaka 2023 ikafikishwa milioni 11. Wakfu hauruhusu riba, na tuzo ya bingwa wa fizikia si sadaka ya maskini, lakini hesabu ya kulinda asili ni ileile.

Zanzibar inaonyesha kinachotokea hesabu hiyo inaposahauliwa. Wakfu visiwani humo ulianza kusimamiwa na kamisheni mwaka 1905, enzi ya Waingereza, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana iliwekewa sheria mpya mwaka 2007. Katika Mji Mkongwe zimo nyumba nyingi za wakfu, ambazo kwa miaka mingi zilikodishwa kwa kodi ndogo mno. Kwenye daftari hiyo ni hasara. Kwa mjane anayelipa kodi hiyo ni manufaa makubwa, ingawa hakuna safu ya daftari inayoyaandika. Hata hivyo kodi isiyotosha kununua chokaa na boriti huishia kwa dari kuporomoka, na hapo mjane na waliokuja nyuma yake hukosa vyote.

Kwa hiyo mkaguzi makini hutazama kwanza kama asili ingalipo, kisha kama waliokusudiwa wamefikiwa, na baada ya miaka kadhaa huwauliza wao wenyewe. Pana kikwazo kingine, nacho ni sharti la mweka wakfu. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, hayaruhusu kwa wepesi wakfu kuuzwa au kubadilishwa, hata ukiwa hauzalishi tena. Wahanafi wamemwachia kadhi nafasi pana zaidi. Huko Sweden, asasi ambayo masharti yake yamepitwa na wakati huomba kibali cha kuyabadili kwa mamlaka ya serikali iitwayo Kammarkollegiet.