Fedha ya kabatini na fedha ya mfukoni

Muulize mkulima aliyeshusha magunia ya mahindi soko la Kibaigwa anatafuta nini. Atakujibu: fedha. Neno hilo limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni madini, ile metali nyeupe ya kufulia vito na vyombo. Maana ya pesa imekuja kwa sababu sarafu zenyewe zilikuwa za madini hayo.

Karne ya 19, Zanzibar na pwani, sarafu iliyotamba ilikuwa reale ya Maria Theresa. Ina uzito wa gramu 28 hivi, fedha halisi asilimia 83, na imeandikwa mwaka 1780 hata kama ilipigwa miaka mia baadaye. Masonara waliziyeyusha wakafua bangili, mikufu, hata mirashi ya kuwanyunyizia wageni marashi. Nyumba ikibanwa, chombo kinarudi kwa sonara, kinapimwa. Yaani mrashi ulikuwa heshima kwa mgeni na akiba ya mwenyeji, vyote pamoja. Ulaya nako ilikuwa vivyo hivyo: mwaka 1689 mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliamuru samani zake za fedha za Versailles ziyeyushwe agharamie vita.

Huku Ugogo je? Misafara iliyopita ikienda Tabora ililipa hongo kwa vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Akiba ilikuwa ng'ombe. Maziwa yalikaa kwenye kibuyu, na kibuyu hakiyeyushwi.

Lakini msiniambie vyombo vya bara havina hadithi hiyo. Hata neno upatu, mbali na mchezo wa kuchangiana hela, ni jina la sahani ya shaba inayopigwa kwenye ngoma! Leo akina mama wana vikundi vya kununuliana vyombo: zamu ikifika, unaletewa masufuria, mabeseni, hotpoti. Vingine vinapangwa kabatini kusubiri wageni. Mambo yakikaza kabla ya mavuno, sufuria la alumini linaenda kwa watu wa skrepa, linapimwa kwa kilo. Ni biashara ileile ya sonara, ila bei ni ya kuumiza. Plastiki, kwa maoni yangu, ndiyo imevuruga mambo: ikipasuka, hela yako imekwenda.

Mirashi ya fedha imehifadhiwa makumbusho. Masufuria ya bibi zetu yanayeyushwa, na hakuna aliyeandika yalinunuliwa kwa mavuno ya mwaka gani. Bibi yako bado anakumbuka. Muulize kabla mtu wa skrepa hajapita.