Uradi, Kahawa na Jani la Haydar

Katika mila zilizovuka Bahari ya Hindi zikatia nanga katika miji yetu ya pwani, ipo moja isiyokuwa na jengo la kuonyeshwa wageni wala chombo cha kuwekwa katika nyumba ya makumbusho, nayo ni desturi ya mtu kujitengea saa maalumu za kutwa, akaituliza nafsi yake kwa kulirudia jina la Mola kwa idadi iliyowekwa, pasipo kuzidisha wala kupunguza. Wazee wetu waliiita uradi, na mwenye kuushika uradi wake alijulikana mtaani hata asipotamka neno, kwa kuwa alikuwa na wakati ambao hakupigiwa hodi wala hakuulizwa shauri. Waliosimulia tarehe ya desturi hii aghalabu ni wapenzi wake, nao kwa adabu wakaifunika sehemu moja ambayo mimi naiona ina ilimu nyingi: kwamba kwa muda wa karne kadhaa, katika Khurasani, Shamu na Misri, walikuwako watu waliotaka kuandamanisha uradi na bangi.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din kwa ajili ya kupanga nyiradi, akaugawa mchana mafungu saba, tangu kupambazuka hata kuchwa, na usiku akaupa mafungu yake. Alikiri kwamba nafsi ya binadamu ni nyepesi kuchoka na jambo la namna moja, kwa hiyo yafaa itolewe katika sala itiwe katika kisomo, itolewe katika kisomo itiwe katika tafakuri, mpaka siku ipite bila ya kuchukiwa. Tena hakuwapimia watu wote kwa pishi moja: mwanachuoni alimpa uradi wake, mwanafunzi wake, mtawala wake, na fundi mwenye watoto wa kulisha akamwambia asiiache kazi yake kwa kisingizio cha ibada, bali ahudhurie sokoni, mkono ukifanya kazi na moyo ukidhukuru. Sijui mpangaji wa maisha ya kila siku aliyeonyesha huruma zaidi kwa mtu maskini.

Miaka mia na kumi baada ya Ghazali, katika nchi hiyo hiyo ya Khurasani, alifariki Sheikh Haydar, mtu wa zawia na upweke, ambaye jina lake limeambatana na bangi mpaka leo. Kisa alichokinakili mwanahistoria al-Maqrizi wa Cairo, aliyefariki mwaka 1442, ni kwamba sheikh huyu, baada ya miaka mingi ya njaa na kimya mlimani, alitoka peke yake siku moja ya joto kali, akauona mmea ukicheza na kutikisika ilhali mimea mingine imetulia, hapana upepo; akala majani yake, akarudi kwa wafuasi wake amechangamka kuliko walivyopata kumwona, akawaonyesha mmea ule na kuwausia wasiwafunulie watu wa kawaida siri yake. Al-Maqrizi, kama mwandishi mwaminifu, aliandika pia kauli ya mtu mwingine, naye ni darweshi, kwamba Haydar hakuonja jani lile hata mara moja, na kwamba lilifungamanishwa na jina lake kwa sababu ya wafuasi wake waliolila. Mimi naelemea kauli ya pili. Wanafunzi wakitaka kuhalalisha jambo hawakosi kulinasibisha na mwalimu wao aliyekwisha kuzikwa.

Hata hivyo, kwamba jani lilikuwamo mikononi mwa mafukara si jambo la kubishaniwa. Ibn al-Baytar, mganga wa mitishamba aliyezaliwa Malaga na kufa Dameski mwaka 1248, aliyaona Misri kwa macho yake: bangi ya Kihindi ikipandwa bustanini, na mafukara wakiitumia kila mmoja kwa namna yake, huyu akichemsha majani na kuyakanda mpaka yawe donge la kukatwa vidonge, yule akiyakausha, akayakaanga, akayachanganya na ufuta na sukari, akatafuna polepole kwa kitambo kirefu. Karne moja baadaye Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliwakuta watu wa Sinop, katika nchi ya Waturuki, wakila hashishi, ndiyo bangi hiyo, hadharani bila ya kukemewa. Katika habari zake za Mogadishu jani alilolitaja kuwa alikirimiwa ni tambuu.

Ulamaa walilikabili jambo hili kwa bidii, na hawakukubaliana. Ibn Taymiyya alitaka mlaji apigwe viboko kama mnywaji wa mvinyo. Al-Qarafi, faqihi wa Kimaliki aliyefariki Misri mwaka 1285, alitofautisha kinacholevya kwa furaha na kiburi na kinachoharibu akili pasipo furaha hiyo, akaitia hashishi katika fungu la pili. Kwa hiyo mlaji kwake alistahili kutiwa adabu na kadhi tu, na tena jani lenyewe halikuwa najisi kama mvinyo. Sultani Baybars wa Misri aliipiga marufuku, na masultani waliomfuata wakapiga tena, na kule kurudiwa kwa amri kunatuonyesha kiasi ilivyotiiwa.

Lakini siamini kwamba fatwa ndizo zilizolitoa jani katika halaka za dhikri, kwa kuwa fatwa kali kama hizo ziliiangukia kahawa nayo, na kahawa haikutoka. Katika karne ya kumi na tano al-Dhabhani, mufti wa Aden aliyefariki mwaka 1470, alikuwa ameijua kahawa ng'ambo ya pili ya bahari, upande wetu huu wa Afrika, na aliporudi Aden akaugua, akaikumbuka, akainywa, akaona inaondoa uzito wa mwili na usingizi. Masufi wa Yaman wakaipokea kwa ajili ya kukesha. Al-Jaziri, aliyeandika mwaka 1558, anasimulia jinsi Wayaman wa Azhar, Cairo, walivyokutana usiku wa kuamkia Jumatatu na Ijumaa, kahawa ikiwa katika mtungi mkubwa wa udongo mwekundu, mkubwa wao akichota kwa kata ndogo na kumpa wa kuliani kwake, na kikombe kikizunguka huku dhikri ikisomwa. Wengine walihesabu herufi za neno kahawa kwa abjadi wakapata 116, hesabu ile ile ya jina Qawi, basi wakalisoma jina hilo mara 116 kabla ya kunywa. Mwaka 1511 Kha'ir Beg, msimamizi wa masoko wa Makka, aliikuta halaka ya namna hii usiku karibu na msikiti, akakusanya wanavyuoni wakaiharamisha kahawa. Hazikupita siku nyingi ila amri ilitoka Cairo kulilegeza katazo hilo.

Sababu kwa maoni yangu ni hesabu. Uradi ni ibada ya idadi: thelathini na tatu, tisini na tisa, mia. Kahawa humfanya mwenye tasbihi afike mwisho wa tasbihi. Jani humfanya asahau yuko punje ya ngapi, na akisahau huridhika kwamba amefika. Asiyekuwa na hesabu hana wa kumsahihisha, na mwalimu asiyeweza kumsahihisha mwanafunzi hana cha kumrithisha.

Mfano wa bangi iliyofanywa desturi ya kudumu bila uradi unapatikana bara, kwa Walulua wa Kasai. Chifu wao Kalamba Mukenge na watu wake walichoma hirizi na sanamu zao, wakajiita wana wa bangi, wakakusanyika kuivuta katika viko vya vibuyu vikubwa, na mkosaji akaadhibiwa kwa kulazimishwa kuvuta kiko baada ya kiko mpaka azimie. Wajerumani Pogge na Wissmann walifika kwao mwaka 1881. Kalamba akawasindikiza hadi Nyangwe katika Manyema, na Wissmann akaendelea mpaka akatokea Saadani mwaka 1882. Ndiye yule yule aliyerudi pwani mwaka 1889 na majeshi kumpiga Abushiri. Kule Kasai bangi ilikuwa alama ya amani na umoja, na siidharau hata kidogo, ila ni ibada ya jamii iliyotegemea chifu mmoja, na kiko hakisomwi peke yako alfajiri kitandani.

Uradi uliotufikia sisi ulikuja kwa njia nyingine. Imamu Abdallah al-Haddad wa Tarim, aliyezaliwa mwaka 1634 na kupofuka utotoni kwa ndui, alitunga uradi wake uitwao ratibu mwaka 1071 wa Hijra kwa kuombwa na mtu wa Shibam, fupi kiasi cha kumalizika katika muda usiofika nusu saa baada ya sala ya isha, nayo masharifu wa Hadhramut wakaileta Lamu, Mombasa na Unguja. Sheikh Uways wa Barawa, aliyejifunza Baghdadi, akaieneza tarika ya Kadiria hadi Unguja. Wala raha ya nafsi haikukatazwa: wako walioisoma dhikri kwa pumzi nzito za kifuani, zikri ya kukohoa kama watu wa Unguja walivyoiita, mpaka wengine wakazimia, na wanavyuoni wakagombana kwayo kama walivyogombana wenzao wa Cairo kwa jani.

Katika waliorithishwa ijaza ya Kadiria alikuwamo Yahya bin Abdallah, mtoto wa Manyema aliyeletwa Bagamoyo mtumwa, akanunuliwa na Amir bin Suleiman al-Lamki, akasoma, akawa halifa mkubwa kuliko wote katika mji ule, watu wakimwita Sheikh Ramiya. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe Muhammad akaishika nafasi yake.