Msikiti, Gereza, Kanisa: Nyumba za Ibada za Pwani ya Kenya na Majina Yake

Ni desturi ya waandishi wengi kuzieleza nyumba za kale za ibada katika pwani ya Kenya kana kwamba zote ni kazi za wageni. Msikiti husemwa kuwa wa Mwarabu, kanisa la Mzungu, na hekalu la Mhindi. Mwenyeji hubakishwa pembeni kama mtazamaji wa mambo yanayotendeka nchini mwake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba rai hiyo haiafikiani na ushahidi wa majengo yenyewe, na haiafikiani pia na ushahidi wa lugha. Dini zilivuka bahari, hilo halina ubishi. Lakini ni wenyeji walioamua ni nyumba ipi iwe yao, na uamuzi huo umehifadhiwa katika majina.

Yafaa kuanza na msikiti. Uchimbuzi uliofanywa Shanga, katika kisiwa cha Pate, chini ya uongozi wa Mark Horton katika miaka ya 1980, ulifunua kwamba chini ya magofu ya msikiti wa mawe palikuwa na alama za misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine. Ile ya mwanzo kabisa, ya mwisho wa karne ya 8, ilikuwa vibanda vidogo vya miti, vya kutosha watu wachache tu. Baadaye ndipo yalipotumiwa matumbawe yaliyokatwa baharini. Hivyo jengo halikushushwa chomboni likiwa tayari. Lilikua mahali pale pale, kizazi baada ya kizazi, pamoja na mji wake.

Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, alikuta misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi mkubwa. Anaeleza kwamba penye milango yake palikuwa na visima vifupi, na kwamba watu, waliokuwa na mazoea ya kutembea bila viatu, waliteka maji, wakanawa miguu, kisha wakajifuta juu ya kipande cha mkeka mnene kabla ya kuingia. Msafiri huyo alikuwa ameiona misikiti mikuu ya Misri na Sham, wala hakuidharau hii ya mbao.

Gedi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, kuna Msikiti Mkuu wa karne ya 15. Kibla chake kilipambwa kwa mabakuli ya kaure yaliyotoka ng'ambo, na juu ya mlango wake mmoja umechongwa mkuki. Vitu hivyo viwili vyatosha kueleza jambo zima: bakuli ni la mbali, mkuki ni wa hapa, na vyote vimekaa katika ukuta mmoja wa matumbawe na chokaa. Msikiti wa Mandhry katika Mji wa Kale wa Mombasa, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1570, ungali unasaliwa hadi leo.

Lugha nayo ilifanya kama walivyofanya waashi. Neno la Kiarabu, *masjid*, lilipokelewa, likapewa sauti za Kibantu, likatiwa katika ngeli moja na *mti* na *mkoko*: msikiti, misikiti. Asiyejua asili yake hawezi kulitambua kuwa ni geni.

Sasa tazama habari za Wareno, ambao Vasco da Gama aliwatangulia kufika Malindi mwaka 1498. Malindi waliishi kwa urafiki na mfalme, na kanisa dogo lililosimama hadi leo karibu na ufuo, lenye paa la makuti, ni ukumbusho wao. Padri Francis Xavier alipita mjini humo mwaka 1542, akamzika mmoja wa wenzake wa safari. Katika barua yake anasimulia kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima alimwuliza iwapo Wakristo nao huyajaza makanisa yao, kwani Malindi, alilalamika, palikuwa na misikiti 17 na ni mitatu tu iliyokuwa ikihudhuriwa. Ni mazungumzo ya watu wawili wenye dini mbili na huzuni moja.

Mombasa mambo yalikuwa mengine. Huko Mreno aliingia kwa mizinga, na mwaka 1593 akaanza kujenga Ngome ya Yesu. Ndani ya kuta zake palikuwa na kanisa, ambalo magofu yake yangaliko. Kwa Kireno kanisa ni *igreja*, na wanakamusi wanaeleza kwamba katika neno hilo ndimo lilimotoka neno letu *gereza*. Kwanza lilikuwa na maana ya ngome, kama linavyotumika bado kwa ngome ya Kilwa Kisiwani. Kisha likawa nyumba ya wafungwa. Ngome ya Yesu yenyewe ilitumiwa kuwa gereza tangu mwaka 1895 hadi 1958. Wareno walituachia *meza*, *bendera* na hata *padri*. Lakini jina la nyumba ya Mungu wao, lililosikika kutoka nyuma ya mizinga, likaishia kuwa jina la kifungo. Hakuna hukumu ya historia iliyo kali kuliko hiyo.

Wamisionari wa karne ya 19 walipokuja hawakulifufua neno la Kireno. Walitumia *kanisa*, neno lenye asili ya Kiarabu. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akafiwa na mkewe na mtoto katika mwaka huo huo, na mwaka 1846 akaanzisha misheni Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Alijifunza lugha kwa wenyeji. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Baadaye Rabai ikawa kimbilio la watumwa waliotoroka mashambani. Hali kadhalika Freretown, iliyoanzishwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, ilikuwa na kengele ya kuwaonya watu wakati wateka watumwa walipokaribia. Mtaa huo wa Mombasa bado huitwa Kengeleni. Hapa kanisa halikuwa kifungo bali kinga ya kukiepa, na watu wakalipa jina la mahali.

Hata Kanisa Kuu la Kianglikana la Mombasa, lililofunguliwa mwaka 1905 kwa ukumbusho wa Askofu Hannington na wenzake, lilivikwa kuba, hata mgeni akiliona kwa mbali hudhani ni msikiti. Nalo hekalu la Wajaini, lililojengwa kwa marumaru nyeupe mwaka 1963, hupokea wageni kwa sharti la kuvua viatu. Ibn Battuta asingeiona amri hiyo kuwa ngeni.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ushahidi huu unapungua. Kila ukuta wa matumbawe unapobomolewa ili saruji ichukue nafasi yake, na kila jina la mtaa linaposahauliwa, ukurasa mmoja unachanwa katika kitabu kisichokuwa na nakala. Gedi iliandikishwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini misikiti na makanisa madogo yasiyoandikishwa popote hayana mlinzi ila wale wanaoyatumia. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Pwani iliwapokea wageni wengi. Aliyekuja kuketi pamoja na wenyeji alijengewa nyumba na kupewa jina. Na aliyekuja kutawala aliacha gereza.