Dhihaka na Ushuhuda: Hoja kutoka Bonde la Yaeda

Mkristo anapodhihakiwa kwa ajili ya imani yake, swali la kwanza ni hili: anayechekwa ni Kristo, au ni mwenendo wa Mkristo mwenyewe? Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 4, unatenga mambo hayo mawili. Unampa heri anayelaumiwa kwa jina la Kristo, na papo hapo unamwonya anayeteseka kwa uovu wake au kwa kujiingiza katika mambo ya watu. Makala haya yanadai kwamba bila kutenga hivyo, jibu lolote la Kikristo litakwenda kombo. Historia ya Yaeda Chini, kijiji cha Bonde la Yaeda, inatuonyesha sababu.

Bonde la Yaeda, nchini Tanzania, ni makazi ya Wahadzabe, watu wasiozidi elfu chache, wakipakana na wafugaji wa Kidatoga na wakulima wa Kiiraqw. Katikati ya miaka ya 1960 serikali, ikisaidiwa na mmisionari, iliwakusanya wengi wao Yaeda Chini ili walime na watoto wao wasome. Maradhi yakazuka, watu wakafa, na wengi wa waliosalia wakarudi porini. Hivyo baadhi yao waliipokea injili ikiwa imefungamana na agizo la kuacha maisha yao. Mhadzabe akimcheka mwinjilisti leo, huenda anakumbuka hayo. Kukiita kicheko hicho mateso ya imani ni kukwepa lawama ya haki. Kinachotakiwa hapo ni toba.

Tuitazame na ngoma ya epeme. Huchezwa usiku usio na mbalamwezi, gizani, wanaume wakiingia mmoja mmoja kwa zamu, njuga mguuni na manyoya ya mbuni kichwani, wanawake wakiimba. Kwa Wahadzabe hili ni jambo takatifu. Mkristo anayeliita ushenzi mbele ya watoto wa shule, kisha akanung'unika kwamba walokole wanachekwa, anadai heshima asiyoitoa. Kuheshimu ibada ya jirani si kuikubali. Ni kukataa kuifanyia mzaha.

Ipo hata hivyo dhihaka isiyo na haki. Wadatoga humzika mzee mwenye heshima kwa bung'eda, kaburi la kichuguu cha udongo, kwa sherehe inayochukua miezi. Mdatoga aliyebatizwa akikataa pombe ya asali pale, anaweza kuambiwa amewakana baba zake. Hana kosa, lakini akiondoka kwa hasira atakuwa ameithibitisha shutuma hiyo. Inampasa abaki na wafiwa, ashike kazi inayohitaji mikono, na akiulizwa aeleze tumaini lake kwa upole, kama waraka huohuo unavyoagiza katika sura ya 3.

Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la walokole, unathibitisha kwamba njia hii inawezekana. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, Uganda, akiwamo William Nagenda, mmoja wa viongozi wa uamsho huo, walifukuzwa kwa sababu ya msimamo wao wa kilokole. Walokole walidharauliwa na viongozi wa kanisa lao wenyewe, lakini wengi wao walibaki ndani ya Kanisa la Anglikana, na uamsho ukaligeuza kanisa hilo kutoka ndani.

Wapo watakaosema kwamba upole unawapa wakorofi nguvu, na kwamba sheria ipo. Ni kweli: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, vifungu vya 125 na 129, inakataza kutusi dini na kuumiza hisia za waumini kwa makusudi. Ibada ikivurugwa au mwongofu akipigwa, polisi waitwe. Lakini sheria hulinda amani tu. Haimshawishi mtu hata mmoja kwamba imani ni ya kweli. Anayekimbilia mahakamani kwa kila kicheko anaonyesha kwamba hana jibu jingine.

Basi makanisa ya wilaya za Mbulu na Hanang, wanakoishi watu hawa, yaingize somo hili katika mafundisho ya ubatizo na kipaimara: muumini ajipime kabla ya kujitetea, atubu akiwa na kosa, avumilie asipokuwa nalo, na asimdhihaki yeyote. Anayeshindwa hilo la mwisho hawezi kuaminika katika hayo mengine.