Kichocho, Mshipa na Neva: Maneno Matatu ya Maradhi ya Mkojo

Neno kichocho halikuletwa Micheweni na kamati ya istilahi. Ni neno la wasemaji wenyewe kwa maradhi ya kukojoa damu. Sayansi iliufuata ugonjwa huo kwa hatua. Mwaka 1851, mjini Cairo, daktari Mjerumani Theodor Bilharz aligundua mnyoo wake. Mwaka 1915, huko huko Misri, Robert Leiper alionyesha kuwa mnyoo huo hupitia kwa konokono wa maji baridi kabla ya kumwingia mtu. Neno la wananchi lilibaki lile lile, ila maana yake ilipata mpaka: kichocho ni ugonjwa wa mnyoo huo, ambao mayai yake hukwama katika kuta za kibofu.

Ulipoanza Pemba, mwaka 1986, mpango wa kuwapima na kuwatibu wanafunzi kwa prazikwanteli, neno lilikuwa tayari. Kampeni nyingine ya kuutokomeza ugonjwa huo ilifuata Unguja na Pemba hadi mwaka 2017, nao ukapungua sana.

Hapo ndipo lilipo jukumu letu. Kadiri kichocho kinavyopungua, ndivyo isivyofaa kila tatizo la mkojo kuitwa kichocho. Mwaka 1969, Graham na Oppenheimer walipendekeza jina moja kwa ugonjwa adimu unaoua polepole seli za sehemu kadhaa za ubongo. Kwa Kiswahili twaweza kuuita udhoofu wa mifumo mingi. Aghalabu mgonjwa wake hushindwa kuuzuia mkojo, au hushindwa kuumaliza, na pengine hali hiyo hutangulia kabla mwendo haujaharibika. Kibofu chake hakina mnyoo. Kimekosa amri ya neva.

Je, mtafsiri aandike kwamba "mishipa ya kibofu imeharibika"? Mshipa ni njia ya damu. Wengine huita hivyo neva. Na pwani mshipa ni ngiri pia. Msomaji atachagua maana aijuayo, na mgonjwa atatafutiwa dawa isiyo yake. Prazikwanteli huua mnyoo, haihuishi neva.

Kwa hiyo yafaa kichocho kibaki jina la ugonjwa wa mnyoo peke yake. Neva itumike mahali pa mishipa ya fahamu. Na dalili zitajwe waziwazi: kushindwa kuzuia mkojo, na kufungana mkojo. Dalili isipewe jina la ugonjwa kabla chanzo chake hakijajulikana.